Upande wa Kutapikia

Wewe unayenisikiliza, huenda una safari ya boti wiki hii na tumbo lako limeanza kuhangaika hata kabla hujaona maji. Usione aibu. Nimefanya kazi katika duka la dawa hapa Kisumu kwa miaka mingi, na watu wanaokuja kuuliza habari ya kichefuchefu cha ziwani huinama juu ya kaunta na kunong'ona, kana kwamba wamekuja kutafuta dawa ya ugonjwa wa kuficha. Hata mvuvi aliyezaliwa ufukweni hutapika siku nyingine. Macho yako yanaona mbao za boti zimetulia, sehemu ya ndani ya sikio inahisi unapanda na kushuka, na ubongo ukishindwa kujua nani anasema kweli, adhabu inaliangukia tumbo. Ni hivyo tu. Nitakueleza la kufanya, pole pole. Lakini kuna jambo moja ambalo niliwahi kuwaeleza watu vibaya, nami nikiamini nimeeleza vizuri sana, na jambo hilo lilikaribia kumchukua dada yangu.

Dada yangu amenipita miaka sita. Aliolewa Awasi, mbali kidogo na ziwa, na hakuwahi kujifunza kuogelea. Hata ndani ya gari la kupanda Kericho alikuwa akifunga macho kwenye zile kona na kunishika mkono mpaka vidole vyangu vinakufa ganzi. Mume wake alipofariki, alihamia kwangu Kisumu. Kwa karibu mwaka mzima alizungumza kidogo sana. Kwaya ya akina mama wa kanisa letu ndiyo iliyomfungua mdomo. Walimweka sauti ya kwanza, na Jumapili aliyoimba nilikaa kwenye benchi nikijifanya natafuta leso ndani ya mkoba.

Kwa hiyo kanisa moja dogo la kisiwani lilipotualika kwenye ufunguzi wake, sikuwa na moyo wa kumwambia abaki. Mama mwenyekiti wa kwaya alikuwa amepanga safari nzuri: boti lingetuzungusha kwanza kwenye visiwa vidogo, tutazame ndege na viboko kama watalii, kisha litufikishe kuimba.

Jumapili iliyotangulia niliombwa nizungumze nao baada ya ibada. Nilisimama mbele ya wanawake ishirini na wawili na kuwafundisha kama ninavyomfundisha mteja. Kuleni kitu kikavu na chepesi asubuhi, niliwaambia, kama kiazi kitamu kilichochemshwa au kipande cha mkate, lakini si mandazi yanayochuruzika mafuta. Dawa ya kuzuia kutapika imezeni mapema, kabla ya kupanda, kwa sababu ukishaanza kutapika itatoka nayo. Itawaletea usingizi, na mwenye mimba au mwenye presha asiimeze kabla hajaniona. Tangawizi inasaidia. Ndani ya boti, kaeni katikati, mbali na moshi wa injini. Msisome. Tazameni kilima kilicho mbali, kisichotikisika, na mvute pumzi taratibu.

Waliandika. Kisha mama mwenyekiti akainua mkono.

"Na sare?" akauliza.

Sare zilikuwa mpya, magauni meupe yenye kola ya kijani, na fundi alikuwa amewazungusha kwa miezi.

"Mtu akishindwa kabisa," akaendelea, "atatapikia wapi asijiharibu?"

Nilifurahi kuulizwa. Niliwaambia wajue upepo unatoka wapi, halafu waende upande ule upepo unakoelekea, wainame nje ya ukingo. Ukitapika upande wa upepo, nilisema, ziwa litakurudishia kifuani. Wakacheka sana. Mmoja aliandika maneno yangu nyuma ya kitabu chake cha nyimbo, na nilimwona akiyapigia mstari.

Tulitoka Kisumu alfajiri kwa basi la kukodi. Asubuhi ziwa huwa limelala, na mtu mwenye tumbo jepesi huvuka hapo, kabla upepo wa mchana wa kutoka upande wa magharibi haujaamka. Nilikuwa nimewaeleza hilo pia. Lakini tulipofika Asembo Bay, tulikokuwa tupandie boti, ilibidi sare zipigwe pasi, kwa kuwa hakuna aliyetaka kuonekana na mikunjo, na pasi ya makaa ilikuwa moja tu katika nyumba tuliyofikia. Baada ya pasi zikafuata picha, na baada ya picha maombi. Jua lilikuwa juu ya vichwa vyetu tulipoteremka ufukweni.

Nahodha alikuwa mtu mfupi wa makamo, amevaa koti la mvua ingawa mvua haikuwepo. Hakuwa anatutazama sisi. Alikuwa anatazama mbali, upande wa magharibi.

"Mama, saa hizi tungekuwa tumefika," alimwambia mwenyekiti.

"Bwana nahodha, Mungu hana saa."

"Upepo unayo, Mama."

Wanawake wa ufukweni walikuwa wakikusanya omena, dagaa wa ziwani, waliokuwa wameanikwa juu ya nyavu, haraka haraka, bila kuzungumza. Boti za wavuvi zilikuwa zinaingia. Nilisimama nikazitazama kwa muda mpaka nikagundua kilichokuwa kinanisumbua: zote zilikuwa zinaingia, hakuna lililokuwa linatoka. Wanaume walizivuta juu ya mchanga, wakazipitisha mahali ambapo alama za kawaida za boti ziliishia, wakaendelea kuvuta.

Mmoja wao alitutazama kutoka kichwani mpaka miguuni. "Na nguo za harusi mnaenda wapi?"

"Kuimba kisiwani," dada yangu akamjibu.

"Imbeni hapa hapa. Sisi tutasikiliza."

"Huna sadaka wewe," mmoja wetu akamtania, na tukapanda boti tukicheka. Yeye hakucheka. Aliinama akaendelea kukusanya kamba yake.

Jaketi za kuelea zilikuwa za rangi ya machungwa, kuukuu, zikinuka samaki na petroli. Kila mtu alifungiwa yake. Tulipoiacha ghuba ndogo ya ufukwe nyuma yetu, nilimwona dada yangu anafungua kamba za yake, anaivua, anaikunja na kuikalia.

"Vaa," nikamwambia.

"Inanibana kifua. Na itaniachia alama ya mafuta. Wimbi likija nitavaa."

Uso wake ulikuwa umeshabadilika rangi, na niliona nikigombana naye nitamzidishia. Nikaacha. Nikampa kiazi kitamu nilichokuwa nimemfungia kwenye karatasi.

"Siwezi," alisema. "Tumefunga."

"Nani amefunga?"

"Sisi sote. Tangu jana. Kwa ajili ya safari."

Nilimgeukia mwenyekiti. Alitikisa kichwa kwa upole, kama mtu anayemtuliza mtoto. "Mwalimu, wewe ulisema tule kidogo. Sisi tukaona kisichoingia hakitatoka. Tutafungua kisiwani."

Hebu nikueleze, kwa sababu wengi hufikiri hivyo. Tumbo tupu halitulii majini. Asidi yake inabaki peke yake ikizunguka, na mtu anayetapika bila chakula hukamuliwa mpaka anaishiwa nguvu. Chakula kidogo kikavu ni kama mkeka chini ya kiti, kinazuia kuteleza. Wanawake ishirini na wawili walikuwa wamemeza dawa inayoleta usingizi juu ya njaa, wamekaa juu ya maji, na mbele yetu vilima vya ng'ambo ambavyo niliwaambia wavitazame vilikuwa vimeanza kufutika, kimoja baada ya kingine, kuanzia vya mbali.

Walikuwa wanaimba. Walikuwa wamefungua vitabu pia, ingawa niliwakataza kusoma. Mbali kidogo, kundi la wadudu wa ziwani lilisimama juu ya maji kama moshi wa nyumba inayoungua, halafu likainama lote kwa pamoja. Nahodha aliliona. Alipunguza mwendo, akafunga vifungo vya koti lake hadi shingoni.

Nilijua kwaya imeanza kuugua kwa kusikiliza tu. Kwanza sauti ya tatu ilipungua. Wimbo uliendelea, lakini ulikuwa kama meza iliyokatwa mguu. Kisha sauti ya pili ikabaki ya watu wawili, mmoja, hakuna. Mwishowe alibaki dada yangu peke yake na sauti ya kwanza, macho yamefungwa, akiimba juu ya mngurumo wa injini. Alifika katikati ya ubeti akanyamaza.

Mawimbi sasa yalikuwa yanatupiga kutoka kulia. Maji yalikuwa yamegeuka rangi ya risasi, na kila wimbi liliinua ule upande wa kulia, likapita chini yetu, likauachia. Mwanamke wa kwanza alisimama. Nilimwona analowesha kidole kwa ulimi, anakiinua juu, anatafuta upepo unakotoka. Alikwenda kushoto akainama nje ya ukingo. Alifanya vizuri kabisa, kama nilivyomfundisha. Wa pili alisimama akaanza kuelekea kulia, na mwenzake akamvuta gauni.

"Huku. Alisema upande huu."

Wakaja wa tatu na wa nne. Walisaidiana, walishikana viuno, walikunja magauni yao yasiguse mbao zenye uchafu. Hakuna aliyesukumana. Walikuwa na nidhamu ya kwaya, na nidhamu hiyo iliwapanga mstari mmoja upande wa kushoto, dada yangu akiwa wa mwisho karibu na pua ya boti, tumbo lake juu ya ukingo na mikono yote miwili nje. Jaketi yake ilibaki kwenye ubao alipokuwa amekaa.

Boti lililala. Sina neno lingine. Lililala upande ule kama ng'ombe aliyechoka, na maji yakaingia juu ya ukingo bila kelele, ya baridi, yakafika kwenye vifundo vya miguu yangu.

"Beduru piny," nahodha alisema. Kaeni chini. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. "Kaeni chini hapo hapo mlipo. Msigeuke. Nani aliwaambia muende upande mmoja?"

Walikuwa wanajishusha magotini, mmoja mmoja, wakitapika juu ya zile kola za kijani. Dada yangu hakukaa. Hakusikia, au hakuweza. Nusu yake ilikuwa imeshatoka nje, na kila wimbi lilipopita nyayo zake ziliachana na sakafu.

Nikainuka.

"Wewe wa blauzi ya bluu," nahodha akasema. "Usiende kwake. Nenda kulia."

"Ni dada yangu."

"Ndiyo maana ninakuambia wewe. Ukienda pale tumeisha wote, na yeye wa kwanza. Nenda kulia, pole pole, kwa magoti. Wengine watakufuata."

Nilimtazama dada yangu. Alikuwa amegeuza shingo, shavu lake limelala juu ya ubao wa ukingo, na macho yake yalikuwa wazi yakinitazama. Nikampa mgongo. Huwezi kutambaa kwenye boti lililolala bila kutazama unakoweka mikono. Nilitambaa kuelekea kulia, kupanda, kama mtu anayepanda paa, na nyuma yangu nikasikia wanawake wakifuata, magoti yao yakigonga mbao, mmoja, mwingine, nahodha akisema "sasa wewe, sasa wewe Mama" kwa sauti ile ile. Nilishika ukingo wa kulia nikakaa chini. Sikugeuka. Niliogopa kuona ubao mtupu.

Boti lilijiinua taratibu sana. Nilisikia kitu kizito kinaanguka majini, kisha nikaelewa kwamba sauti ilitoka ndani, kwenye maji yaliyojaa sakafuni. Dada yangu alikuwa ameteleza akarudi, kichwa mbele, katikati ya vitabu vya nyimbo vilivyokuwa vinaelea. Alikohoa. Nahodha aligeuza pua ya boti ikabiliane na mawimbi, akaniambia sasa naweza kwenda.

Ufunguzi wa kanisa ulifanyika. Waliimba wakiwa na kanga za kuazima zilizofungwa juu ya magauni, na watu wa kisiwa wakapiga makofi sana. Dada yangu alikaa nyuma kwenye benchi pamoja nami. Mkono wake ulikuwa mapajani mwake, haukuushika wangu.

Kesho yake wenzetu waliondoka na nahodha asubuhi na mapema. Kabla hawajaondoka nilimfuata nikamwambia kwamba ni mimi niliyewafundisha kwenda upande mmoja.

"Ulifundisha vizuri," alisema. "Lakini ulifundisha kama kwa mtu mmoja. Boti si la mtu mmoja."

Dada yangu alikataa kupanda. Tukabaki, tukakaribishwa na mama mmoja mjane aliyekaa juu ya ufukwe. Siku nzima ya kwanza aliniomba maji na kunishukuru, basi. Siku ya pili nilimkuta ameketi nje akilitazama ziwa, nami nikaketi kando yake.

"Niliona mgongo wako," alisema.

Nilimwomba mwenyeji wetu beseni la maji na kifuniko cha sufuria. Nikakiweka kifuniko juu ya maji kama boti, nikapanga maharagwe upande mmoja mpaka kikainama na kuanza kunywa. Kisha nikachukua haragwe moja. "Huyu ni mimi. Nikija kwako, hivi." Kifuniko kilizama chote, maharagwe yakatawanyika chini ya beseni. Nikakitoa, nikakifuta, nikapanga tena. "Nikienda huku, hivi." Kilijiinua. Nilimweleza tena mara ya tatu, ingawa mara ya kwanza alikuwa ameshaelewa.

Alichukua haragwe la mwisho ukingoni, lile lililokuwa yeye, akalisogeza kwa kidole hadi katikati ya kifuniko. Akaliacha hapo.

"Kuelewa nimeelewa," alisema. "Akili imekubali. Lakini nikifunga macho ni mgongo tu."

"Nifanye nini?"

Upepo wa mchana ulikuwa umeanza, na chini yetu boti zilikuwa zinarudi, zote zikielekea upande mmoja.

"Turudi kesho asubuhi," alisema. "Lakini ukae ukinitazama. Njia yote."

Tuliondoka jua likichomoza, ziwa likiwa limenyooka kama shuka. Tulikuwa tumekula viazi. Jaketi yake niliifunga mimi mwenyewe, mafundo mawili. Tuliketi chini kwenye sakafu, katikati ya boti, uso kwa uso, magoti yakigusana, kila mmoja na ndoo yake ndogo. Kumtazama yeye kulimaanisha nisitazame kilima, nami nikatapika kwanza, mara ya kwanza maishani mwangu majini. Aliniambia "pole" na kunipa kitambaa, kisha akatapika yeye. Hakuna kati yetu aliyesimama. Nyuma ya bega lake, mbali upande wa magharibi, mbingu na maji vilikuwa vimeshikana rangi moja ya kijivu, na sehemu hiyo ilikuwa inakuja nyuma yetu kidogo kidogo. Sikumwambia. Yeye pia, nadhani, aliona kitu machoni mwangu, kwa sababu alinishika vidole akavibana mpaka vikafa ganzi, wala sikuvitoa.

Bado anaimba. Boti hapandi tena, nami simshawishi. Wateja wanapokuja kaunta kuninong'oneza, huwaeleza yote niliyokueleza wewe, chakula, dawa, kilima cha mbali. Halafu nawaambia hili, na nawaomba walirudie kwa mdomo wao: kabla injini haijawashwa, funga jaketi yako, keti chini katikati ya boti, weka ndoo ndogo kati ya magoti yako, na ukisikia kutapika, tapika humo humo ukiwa umeketi.